Umesoma Kifungu, Hukukielewa: Ufahamu wa Kiingereza Hukatikia Wapi?

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, Karatasi ya Pili ya Kiingereza ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili unusu. Swali la kwanza ni ufahamu, alama 20. Linafuata dondoo la kitabu teule, alama 25, kisha shairi au masimulizi ya fasihi simulizi, alama 20, na mwisho sarufi, alama 15. Sarufi peke yake ndiyo isiyokutaka usome kitu kirefu ukielewe. Alama 65 zilizobaki zote zinapitia mlango mmoja: umeelewa ulichosoma, au hukuelewa.

Wanafunzi wanalijua hilo, ndiyo maana wanafanya mazoezi. Njia yao ni ileile kila mahali. Mtu hutafuta karatasi za miaka iliyopita na za mock za kaunti hii na ile, akasoma kifungu, akajibu, akafungua mwongozo wa kusahihisha, akajipa 11 kwa 20, akageuza ukurasa. Kesho anapata 12, keshokutwa 10. Muhula unaisha alama zikiwa palepale, naye anaanza kuamini kwamba Kiingereza ni kipaji ambacho yeye hakujaliwa.

Kumbe 11 kwa 20 haisemi lolote kuhusu zile tisa zilizopotea. Mwanafunzi mmoja alizipoteza kwa sababu maneno yalimzidi. Mwingine aliyajua maneno yote ila sentensi ndefu zikamchanganya. Wa tatu hakuwahi kusikia habari za mada iliyozungumziwa. Wa nne alielewa kila kitu kisha akajibu swali ambalo hakuulizwa. Wanne hawa wana alama moja na maradhi manne, na kurudia karatasi ni kuwapima joto wote wanne kila siku bila kumpa dawa hata mmoja. Anayetaka kupanda lazima kwanza ajue kuelewa kwake hukatikia wapi.

Kusoma kwa sauti kunadanganya

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walipendekeza hesabu fupi ya usomaji. Kuelewa maandishi, walisema, ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza herufi ziwe maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema ni kuzidisha, si kujumlisha, kwa kuwa kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe kikubwa vipi. Msemaji wa Kiswahili halazimiki kwenda mbali kuuona ukweli huu. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo kijana wa Nakuru anaweza kuchukua utenzi wa zamani wa Kiamu, lahaja ya Lamu, na kuusoma kwa sauti safi toka mwanzo hadi mwisho asiambulie maana ya ubeti mmoja.

Kwa Kiingereza hali hiyo hujificha vizuri zaidi. Mwanafunzi anayesoma habari kwa ufasaha mbele ya gwaride la asubuhi huonekana amemaliza kazi. Matamshi yake ni mazuri na mwalimu hana la kumuuliza. Lakini mwanasaikolojia Walter Kintsch, aliyetumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyosoma, alionyesha kwamba msomaji hujenga mambo mawili kichwani. La kwanza ni yale yaliyosemwa na sentensi. La pili ni picha ya hali inayosimuliwa, ambamo msomaji hutia yale anayoyajua mwenyewe ili kujaza mapengo. Maswali mepesi ya mtihani hugusa la kwanza. Yale yanayotenganisha alama ya C na ya A hugusa la pili.

Maneno 42

Tuchukue mfano, maana mambo haya hayaeleweki hewani. Hiki ni kifungu kifupi nilichokitunga kwa makusudi:

"Although the drought had broken by April, few of the herders who had moved their animals to the hills were in any hurry to return. The grass below was green again. So, however, was the memory of what they had buried there."

Ni maneno 42, na karibu yote yanajulikana na mwanafunzi wa kidato cha pili. Hata hivyo kifungu hiki kina mitego ya kumwangusha wa kidato cha nne.

Anza na "broken". Ukame ukisemwa hivyo kwa Kiingereza, umekwisha, mvua imenyesha. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba vita "broke out", yaani vilizuka, atasoma kinyume kabisa: ukame umeanza Aprili. Akifika sentensi ya pili atakuta majani ya kijani. Hapo ndipo wasomaji wawili hutengana. Mmoja anashtuka, anajiuliza majani yameota vipi wakati wa ukame, anarudi juu na kugundua alipopotea. Mwingine hashtuki, anaendelea tu, kwa sababu kwake kila sentensi inasimama peke yake. Ukiniuliza, kushtuka huko kuna thamani kuliko orodha yoyote ya msamiati. Mtihani wenyewe hulijua hilo, ndiyo sababu huuliza maana ya neno kama lilivyotumika katika kifungu, si kama lilivyo katika kamusi.

Halafu kuna "few". Ingekuwa "a few", tungesema wafugaji kadhaa walikuwa na haraka ya kurudi. Bila kile kijineno cha herufi moja, maana inakuwa karibu hakuna. Herufi moja, na hadithi inageuka.

Sentensi ya kwanza ina kitenzi kikuu kimoja, "were", na kimefichwa nyuma ya maneno kumi na moja yaliyojazwa baada ya kiima, "few". Mwanafunzi aliyechoka huona "herders", huona "moved their animals", na kuhitimisha kwamba habari ni kuhama. Kumbe kuhama kumekwishapita. Habari ni kutorudi.

Sentensi ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Mpangilio wake umepinduliwa na sifa yenyewe haikutajwa tena. Lazima uirudishe kutoka sentensi ya pili. Majani yalikuwa "green", na kumbukumbu nayo ilikuwa hivyohivyo. Hapa Kiswahili kinakuokoa ukikiruhusu: majani mabichi, kumbukumbu mbichi, kama tunavyosema kidonda kibichi. Na "there" ni wapi? Si vilimani. Ni kule chini kwenye majani.

Sasa swali: walizika nini? Kifungu hakisemi. Mwanafunzi wa mjini atajibu ng'ombe bila kusita. Aliyekulia Samburu au Turkana huenda akauliza kwanza ni nani huzika mizoga ya kundi zima wakati wa kiangazi, akawafikiria wazee na watoto. Wote wawili wametumia wanayoyajua kujaza pengo, na ndivyo inavyopaswa. Ila kwenye karatasi, jibu salama ni lile linaloishia pale kifungu kinapoishia: walipata hasara au msiba mahali pale, na uchungu wake haujawatoka. Ukiongeza ng'ombe hamsini, umetunga hadithi yako.

Maneno: si yale unayoyadhania

Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti waliofanya na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Waliwapa hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalibadilishwa kuwa maneno yasiyo na maana, kwa viwango mbalimbali. Pale ambapo neno moja kati ya kila matano halikujulikana, hakuna aliyeelewa hadithi vya kutosha. Matokeo yao yaliashiria kwamba ili wasomaji wengi waelewe bila msaada, inafaa wajue takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yao. Katika ukurasa wa maneno 300, hiyo ni kutojua maneno sita tu. Ukiwa na maneno kumi na tano usiyoyajua, ambayo ni asilimia 5, tayari unahangaika.

Ndiyo maana ule ushauri wa kukisia maana kutokana na muktadha huwafaa zaidi wenye nacho. Muktadha ni maneno jirani. Jirani nao wakiwa wageni, utamuuliza nani?

Lakini maneno yapi? Wanafunzi wengi hujaza madaftari maneno makubwa ya kupambia insha, yale ya kumtisha msahihishaji. Sina ugomvi na madaftari, ila maneno hayo huonekana mara moja kwa mwaka. Yanayoangusha watu katika ufahamu ni madogo: "although", "unless", "hardly", "whereas", "yet", "despite". Haya ndiyo yanayokuambia sentensi inageukia upande gani. Ukiyaruka, utabaki na taarifa mbili zilizosimama kando kwa kando na hujui kama zinasaidiana au zinapingana. Si mengi. Mtu anaweza kuyamaliza katika likizo moja, akiyatafuta ndani ya vifungu na kujisimulia kila moja linafanya kazi gani hapo lilipo.

Njia nyingine ya mkato tunayo tangu utotoni. Anayejua soma anajua msomi, somo, someka, somesha na usomaji bila kufundishwa kimoja kimoja. Kiingereza nacho huzalisha maneno namna hiyo, ingawa kwa fujo zaidi. Anayejua "rely" asihesabu "reliable", "unreliable" na "reliance" kuwa maneno mapya matatu.

Sentensi: tulichozoea kuonyeshwa, Kiingereza hukificha

Jambo hili sioni likisemwa vya kutosha madarasani. Kiswahili humwongoza msomaji kwa alama zilizo ndani ya kitenzi. Nikiandika "basi liligonga mti kwa sababu lilikuwa kwenye mwendo wa kasi", li- inakuambia ni basi. Nikiandika "kwa sababu ulikuwa umeangukia barabarani", u- inakuambia ni mti. Huhitaji kufikiri. Kwa Kiingereza vyote viwili ni "it", na kazi ya kuamua umeachiwa wewe. Mtoto aliyelelewa kwa ngeli amezoea sentensi kumwonyesha nani ni nani. Akihamia lugha isiyoonyesha, hasomi vibaya, ila anangoja ishara ambayo haiji.

Vivyo hivyo kwa virejeshi. Katika "wanaume waliotumwa vilimani walirudi", lile -o- linatangaza wazi kwamba kutumwa ni maelezo ya ziada na kurudi ndiyo habari. Kiingereza kinaweza kuandika "The men sent to the hills returned", na nusu ya darasa itasoma kwamba wanaume walituma kitu.

Zoezi lake ni la kalamu ya risasi. Chukua aya moja, zungushia kila "it", "they", "this", "which" na "there", kisha chora mshale hadi kwenye kitu kinachotajwa. Katika kila sentensi ndefu pigia mstari kitenzi kikuu. Aya moja kwa siku inatosha. Inachosha kidogo, haina alama za kujisifia, na ndiyo maana watu hawaifanyi.

Kujua mada

Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha jaribio lililofanywa na wanafunzi wa Marekani. Waliwapa maelezo ya nusu ya awamu moja ya mchezo wa besiboli wayasome, kisha wayasimulie. Baadhi yao walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Baadhi waliujua mchezo huo, wengine hawakuujua. Wasomaji dhaifu waliojua besiboli walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji hodari wasioijua. Ninavyoona, matokeo hayo yangebandikwa kwenye kila ukuta wa chumba cha walimu, maana yanaonyesha kwamba kinachoitwa udhaifu wa Kiingereza mara nyingine ni kutojua mada.

Mwanafunzi hawezi kubashiri kifungu kitahusu nini. Kinaweza kuwa usingizi wa binadamu, uchafuzi wa bahari, historia ya fedha au malezi. Anachoweza ni kuwa mtu anayejua kidogo kuhusu mengi, na habari njema ni kwamba maarifa hayana lugha. Ukisoma kuhusu mabadiliko ya tabianchi katika Taifa Leo, umekwisha kuyajua. Ukikutana nayo kwa Kiingereza utakuwa unatafuta majina mapya ya vitu unavyovifahamu. Zipo habari zinazotolewa kwa lugha zote mbili, kwa mfano BBC. Soma ya Kiswahili kwanza, kisha ya Kiingereza ya tukio lilelile, siku hiyohiyo. Ni zoezi la bure.

Najua kuna shule zinazoadhibu Kiswahili siku za Kiingereza. Wacha waadhibu wanavyotaka, lakini mwanafunzi anapojizoeza peke yake, kipimo kizuri kabisa cha kuelewa ni kufunga kitabu na kusimulia kifungu kwa Kiswahili, kwa maneno yake, kana kwamba anamweleza ndugu yake mdogo. Akisimulia kwa Kiingereza anaweza kurudisha misemo ya kifungu bila kujua maana yake, na asigundue. Kwa Kiswahili hana pa kujificha: pale atakapokwama au kuanza kusema "kuna kitu fulani hivi", hapo ndipo kuelewa kwake kulipokatika.

Kwa Watanzania jambo hili lina uzito wa aina yake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, kemia na hesabu vyote viko kwa Kiingereza. Kufikia kidato cha tano, ufahamu si swali moja la karatasi ya lugha bali ni kila swali la kila karatasi. Tatizo hili si geni: mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini humo hakikutosha kuwabebea masomo mengine. Anayesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au PCB (fizikia, kemia na biolojia) leo akifanya lile zoezi la mishale kwenye kitabu chake cha jiografia au cha biolojia, anakuwa amejifunza masomo mawili kwa mpigo.

Kusoma vingi, tena vyepesi

Miaka ya mwanzo ya 1980 huko Fiji, shule za msingi za vijijini zilijazwa vitabu vya hadithi vya Kiingereza vyenye picha, watoto wakasoma kwa kupenda. Warwick Elley na Francis Mangubhai, waliofuatilia mpango huo, waliandika mwaka 1983 kwamba watoto hao walipiga hatua katika kusoma kwa kasi ya takriban mara mbili ya kawaida. Wale walikuwa watoto wadogo, na sidai kwamba takwimu hiyo inahamia kidato cha nne ilivyo. Ila sababu yake inaeleweka: neno halikai kichwani kwa kukutana nalo mara moja, na sentensi iliyopinduliwa haiwi ya kawaida hadi uione imepinduliwa mara nyingi.

Kikwazo cha vijana wakubwa ni aibu. Kijana wa miaka kumi na saba hataki kuonekana na kitabu chepesi, kwa hiyo hubeba riwaya nene, akaishia ukurasa wa kumi na mbili. Ushauri wangu ni kuichukua ile hesabu ya asilimia 98 kama kigezo cha kuchagua: fungua ukurasa wowote, hesabu usiyoyajua, na yakizidi sita hivi, kirudishe kitabu rafuni. Kitakungoja. Hata kitabu teule ambacho darasa limeshakimaliza kinafaa kusomwa upya kwa starehe, maana sasa hadithi unaijua na macho yako huru kutazama lugha.

Na yule wa nne, aliyeelewa kila kitu

Huyu ndiye rahisi kusaidiwa, na ndiye karatasi za zamani zinamfaa kweli. Makosa yake ni machache na yanajirudia. Swali linataka sababu mbili, yeye anatoa moja kwa urefu. Linauliza mtazamo wa mwandishi, yeye anatoa mtazamo wake. Linasema "in note form", yeye anaandika sentensi kamili zenye koma na nukta, akipoteza alama za hoja ambazo alizipata zote. Au ananakili mstari mzima wa kifungu akitumaini jibu limo humo ndani. Pengine limo, lakini msahihishaji hana njia ya kujua kama wewe uliliona.

Kwa huyu, na kwa kila aliyebakiwa na wiki chache, kazi ni kuchukua majibu yake ya zamani, si vifungu vipya. Kando ya kila alama iliyopotea aandike neno moja: msamiati, sentensi, mada, au swali. Baada ya karatasi tano au sita, moja kati ya hayo manne litakuwa limejaa kando yote. Msamiati na mada havimalizwi kwa wiki tatu; vitaboreka kidogo na vingine vitangoja. Sentensi zinaweza kuimarika kwa mishale. Kosa la swali linaweza kuisha kabisa, mradi apige mstari chini ya kitenzi cha agizo na idadi ya hoja kabla ya kuandika chochote.

Suala la muda halina utata. Dakika 150 kwa alama 80 zinalipa swali la ufahamu dakika 37 hivi. Toa kumi za kusoma mara mbili, mara ya kwanza bila kugusa kalamu, mara ya pili baada ya kuyaona maswali. Zilizobaki ni za kujibu, na saa ikifika hama, kwa maana dondoo lenye alama 25 liko ukurasa unaofuata.